Vespa Haipandi Kata Pumzi

Kata Pumzi, juu ya Mkuyuni
Jumapili, 5 Juni 1988

Kwa mtani wangu Fundi Idrisa, Mwembesongo, Morogoro mjini.

Mtani, anayeandika hapa ni nesi Angelina wa zahanati yetu, mimi nasema tu. Ananiambia barua inaanza na kuulizana afya, na hofu na mashaka juu ya mtu aliye mbali. Sasa mimi nikuhofie wewe kwa lipi? Mnyamwezi hafi. Babu zako walitoka Tabora mpaka pwani na pembe za ndovu begani, wewe ndiyo ufe kwa mbu wa Mwembesongo? Amosi wa lori la ndizi ndiye kaniambia umevunjika mguu, umetumbukia kwenye shimo lako mwenyewe la gereji. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Miaka ishirini unalizunguka, leo unaliingia kichwa kichwa! Halafu nikakuombea dua, usije ukasema watani hatuna huruma. Pole, mtani. Pole sana.

Haya. Leo ni gulio la Mkuyuni na mimi niko hapa nyumbani natazamana na mbuzi. Sababu ni vespa. Ile ile ya kijani ya marehemu mume wangu Mosi, uliyokuwa unaitengeneza wewe tangu alipokuwa karani wa mkonge. Siku hizi anaiendesha mwanangu Mwinshehe. Kila Jumapili ananipakia nyuma, vyungu vyangu nimevifunga na majani makavu ya mgomba, viwili huku viwili huku, tunashuka. Wafinyanzi wenzangu wanafika kwa miguu, mimi nafika na vumbi langu kama bwana mkubwa. Kushuka si kazi, hata jiwe linashuka. Kazi ni kurudi. Kile kilima cha Kata Pumzi unakijua, ulikipanda ulipokuja kwenye msiba wa Mosi, ukapumzika mara tatu ukasema unaangalia miti.

Tangu mfungo wa Ramadhani vespa imeishiwa nguvu. Si kwamba haiwaki. Inawaka, kiki ya kwanza ya pili, na kwenye tambarare inakwenda. Lakini ikikiona kilima inakuwa nzito. Mwinshehe anarudisha gia mpaka ya kwanza, anakamua moto mpaka mwisho, yenyewe inasema buuu, buuu, kama mtu aliyezibwa mdomo na blanketi. Mwisho inasimama. Moshi ndiyo usiseme. Mweupe, mzito, kuku wanapoteana uwanjani. Na huku nyuma inadondosha ute mweusi, nimeitegea kigae isinichafulie mlango. Kanga moja imeshaharibika. Lakini sabuni ipo, si kama zamani tulivyokuwa tunafulia majani ya mpapai. Umeyaona maduka ya Mkuyuni, mtani? Sabuni rangi tatu! Nilisimama pale nikasahau nilichofuata. Angelina anasema nirudi kwenye vespa. Narudi.

Mwinshehe ameichoka. Amempata mnunuzi, anaitwa Abel, mtu wa karanga wa Gairo. Atakuja kuichukua Jumapili ya kwanza baada ya Idi Kubwa. Mwinshehe anasema atanunua baiskeli, na mabati ya jiko langu. Sasa mabati ndiyo nitayapanda nyuma? Mtani, magoti yangu hayaushuki tena huu mlima kwa miguu, na kuupanda ndiyo kabisa. Goti la kushoto wiki hizi linauma zaidi, nilijikwaa kwenye mzizi, si kitu. Vespa ikienda Gairo, mimi nimekaa huku juu mpaka siku mnakuja kunizika. Vyungu watanipelekea, sawa. Lakini maneno yangu nani atanipelekea? Nikikosa gulio nitaongea na nani, na migomba?

Nilimwambia Mwinshehe aishushe kwako. Akasema nikiifikisha mjini naiuza huko huko. Kwa hiyo niambie dawa kwa barua. Angelina ana mikono myepesi, na spana za Mosi ninazo, zimefungwa kwenye koti lake la kazi.

Mimi mtani wako,
Mwaisha binti Dadi
(hapa ameweka dole gumba lake. Angelina, nesi)


Mwembesongo
10 Juni 1988

Bibi Mwaisha, shikamoo. Hiyo shikamoo ni ya umri wako. Ya heshima kwa Mluguru sijaanza kuitoa.

Watu mnaolima shamba lililosimama kama ukuta, mbegu mnazitupa kwa manati, ndio wa kunicheka mimi? Mimi nimeanguka futi tano. Ninyi mkiteleza kwenye mahindi yenu mnaokotwa Mkuyuni.

Mguu unapona. Mke wangu amenikataza kushuka kitandani, kwa hiyo nina nafasi ya kukujibu. Hiyo vespa naijua kama jino langu, nisingependa iende kubeba karanga.

Injini kukosa nguvu ni kama mtu kusema anaumwa, bado hajasema wapi. Anzeni na vitu rahisi. Ipandisheni kwenye stendi, mzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likiwa zito, breki inalishika. Halafu sikilizeni kwenye mwinuko. Kama injini inalia juu lakini mwendo haupatikani, ni klachi inateleza. Kama sauti inazama pamoja na mwendo, klachi haina kosa. Toeni plagi mniambie rangi yake. Ikiwa ya kahawia kama chai ya maziwa, nzuri. Chujio la hewa lioshwe kwa petroli, na vitundu vya kabureta vipulizwe, msivichokoe kwa waya.

Na swali moja: nani anaweka oili, na kiasi gani? Marehemu nilimpa kipimo, kikombe kimoja kidogo cha kahawa kwa lita tano za petroli. Injini hii haina oili yake pembeni, inakula ile iliyochanganywa kwenye tangi. Ikipungua inaungua. Nijibu hili vizuri.

Ni mimi,
Idrisa, fundi


Kata Pumzi
22 Juni 1988

Mtani,

Barua yako Angelina ameisoma mara mbili. Ya kwanza tulicheka, ya pili tukafanya kazi. Manati! Subiri upone.

Breki si yeye. Gurudumu linazunguka mpaka linasahau lilikotoka. Klachi nayo, nilitega sikio Mwinshehe alipopita kwenye mwinuko wa msikitini. Sauti inazama na mwendo unazama, kama waliozaliwa pamoja. Plagi ameing'oa Angelina, akaiweka kwenye pamba kama jino. Nyeusi, imelowa, inateleza, kama ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau. Tumeisugua, tumeikausha. Chujio limeoshwa. Kabureta Angelina ameipuliza kwa bomba la sindano, kuukuu, la kutupwa, usije ukatushtaki kwa mganga mkuu. Mwinshehe akapiga kiki, ikaitika vizuri, tukashangilia. Akaenda mpaka kwenye daraja la magogo, akarudi anaisukuma. Mwanangu akikasirika anafanana na baba yake, masikio yanasogea nyuma.

Amosi naye alikuwepo, akasukuma kidogo. Siku hizi Amosi kila akipita lazima asimamishe lori zahanati, kichwa kinamuuma. Kila wiki kichwa, na kila wiki dawa lazima aitoe Angelina. Angelina hataki kuandika hili. Andika, mwanangu, hii ni barua yangu.

Umeuliza oili. Oili anaweka Mwinshehe mwenyewe, kikombe kimoja kwa lita tano, kama ulivyomfundisha baba yake. Mimi tangi siligusi. Mimi mtu wa udongo, mimi na oili wapi na wapi? Galoni liko chini ya kitanda changu kwa usalama tu. Ingawa linaisha upesi, Mwinshehe anashangaa, anasema panya wa siku hizi wanakunywa mpaka oili. Mambo ruksa, mtani, hata kwa panya.

Sasa dawa iko wapi? Idi inakaribia, na baada ya Idi ni mtu wa Gairo. Juzi Mwinshehe ameanza kuipigia hesabu ya mabati mbele yangu, anapima jiko kwa kamba. Nikamwambia pima na kaburi kabisa. Akatoka nje.

Nisaidie,
Mwaisha binti Dadi
(dole gumba lake)


Kata Pumzi
26 Juni 1988

Fundi Idrisa,

Shikamoo. Mama hajui kama nakuandikia.

Hakujikwaa kwenye mzizi. Mwezi wa tano tulikuwa tunarudi kutoka gulioni, katikati ya Kata Pumzi injini ikazimika, breki ya nyuma haikutosha, tukarudi nyuma na mama akaangukia goti. Vyungu ambavyo havikuuzwa vilivunjika vyote. Alivyoinuka alicheka akaniambia tusimwambie mtu. Mimi mpaka leo nikilala naiona ile.

Siuzi kwa sababu ya mabati. Nauza kwa sababu siwezi kumpakia tena mama yangu kwenye kitu nisichokiamini, na nikiwa nacho hatakubali kukaa nyumbani. Naomba uache kumpa matumaini.

Kijana wako,
Mwinshehe Mosi


Mwembesongo
3 Julai 1988

Bibi Mwaisha, shikamoo tena, leo na ya heshima nimeongeza kidogo.

Ugonjwa nimeupata. Haukuwa kwenye maneno yako, ulikuwa chini yake. Barua yako ya kwanza ulipiga dole kwa wino mkavu, safi. Hii ya pili dole lako limezungukwa na duara la mafuta, nikiinua karatasi dirishani naona plasta ya mguu wangu upande wa pili. Nikalinusa. Bibi, oili hiyo nimeinusa miaka thelathini. Mtu wa udongo, eh? Panya wa chini ya kitanda chako ana dole gumba.

Sasa nisikilize bila kubisha. Oili ikipungua injini inaungua, hilo nilikwambia. Ikizidi haiungui yote, inageuka masizi. Masizi yanashika ndani ya ekzosi kama ukoko kwenye sufuria, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka njia inabaki tundu la sindano. Ndiyo ule moshi, ndiyo ule ute ulioutegea kigae, ndiyo ile plagi yenye ulimi wa zambarau. Injini inavuta pumzi lakini haina pa kuitolea. Wewe unachoma vyungu, unajua moto usiokuwa na njia ya moshi unavyokufa na kuni zake.

Hakikisha kwanza. Injini ikiwa inawaka weka kiganja nyuma ya bomba, usiguse chuma. Pumzi inatakiwa ikusukume mkono. Isipokusukuma, zimeni, ipoe, mfungue ekzosi. Kuna nati za kwenye silinda na boliti kubwa ya chini. Ichomwe kwenye moto mkali mpaka iache kutoa moshi, ipoe yenyewe, msimwagie maji, halafu mgongegonge kwa mti na kumwaga. Mtafute mwanaume mwenye uzoefu wa moto awasaidie.

Pale ilipotoka mtaona tundu la silinda. Kanyageni kiki taratibu mpaka pistoni ilizibe kwa ndani, uchafu usiingie, kisha kwangueni kwa mti laini. Chuma marufuku. Tangi limwagwe lote. Petroli mpya, kikombe kimoja cha kahawa kwa lita tano, basi.

Na Mwinshehe umwambie mwenyewe, mimi simo. Wala sikuulizi ule mzizi uliojikwaa ulikuwa na magurudumu mangapi.

Idrisa


Kata Pumzi
Alhamisi, 28 Julai 1988

Mtani,

Mkeo akufunge na pua pia. Angelina alivyosoma lile neno la panya alinitazama mimi, mimi nikatazama paa.

Ni kweli. Naitilia oili. Sasa na wewe nisikilize bila kubisha. Ile miaka ya foleni vespa ilikaa kwenye banda la kuku miezi kumi na minne. Petroli kwa kibali, oili hata kwa kibali haipo. Mosi kila Ijumaa akitoka msikitini anaifuta vumbi, anaipapasa kiti, anaiambia, "Vumilia mwenzangu, hata sisi sukari tunainusa kwa jirani." Akafa hajaisikia ikiunguruma tena. Leo oili imejaa madukani, makopo yamepangwa kama sabuni, halafu mwanangu anaipimia kikombe cha kahawa! Hicho ni kipimo cha mgeni unayetaka aondoke. Basi kila asubuhi akienda kuoga, mimi nachota upawa mmoja, naitilia, nasema kunywa baba, njaa imekwisha. Sikuona aibu, nilikuwa naona raha. Kumbe njaa ilimwacha mzima, shibe ndiyo imemziba koo.

Kiganja niliweka. Ile pumzi ilikuwa ya mtoto mchanga aliyelala.

Tuliingoja Idi ipite, na vyungu vyangu vilikuwa havijakauka. Jumatatu Mwinshehe kapanda lori kwenda Matombo kwenye arobaini ya mkwewe, sisi tukatoa spana. Nati ya kwanza ilikataa mpaka Angelina akaning'inia kwenye spana na viatu vyake vyeupe. Eti nitafute mwanaume mwenye uzoefu wa moto! Mtani, kwetu siku ya kuchoma vyungu mwanaume hasogei, hata sauti yake ikifika chungu kinapasuka. Tatizo likawa moja tu: hii ekzosi yenyewe ni mwanaume au si mwanaume? Jirani yangu Mwajuma, mfinyanzi mwenzangu, akasema kitu kilichokaliwa na wanaume miaka kumi na saba kimeshakuwa mwanaume. Nikamwambia na mimi nimekikalia, kimenizoea. Tukabishana mpaka jua likawa kali. Mwisho tukaizungushia kanga kama mwali, tukaifikisha motoni, kanga tukaitoa, tukailaza katikati ya vyungu, magome juu, nyasi juu.

Ilitoa moshi mweusi, mzito, halafu mafuta yakachuruzika yakashika moto yenyewe. Angelina anasema kama nyama ya nguruwe, mimi sijui, namwachia mwenyewe. Ikawa nyekundu ya chungu kilichoiva. Hiyo rangi naijua kuliko sura ya mwanangu. Ilipopoa tukaigonga kwa mchi, mtani, masizi yalijaa ungo. Ungo! Nilikuwa namlisha huyu masizi ungo mzima. Chungu kimoja kimepasuka. Mwajuma anasema nilikwambia. Mimi nasema kilikuwa na kokoto.

Tundu la silinda Angelina amelikwangua kwa vile vijiti vyake vya kutazamia koo. Kwanza aliinama akaliambia, "Sema aaa."

Tumeirudisha. Amepiga kiki. Sauti imekuwa kavu, paa paa paa, sauti ya Mosi akirudi na mshahara. Mbuzi kakata kamba. Kiganja changu kilisukumwa mpaka kikafunguka vidole.

Lakini kilima bado hakijapandwa. Angelina hajui kuendesha, na mimi ndiyo usiseme. Mwinshehe anarudi kesho kutwa, hajui lolote. Jumapili ni mtu wa Gairo. Na kumwambia mwanangu kwamba niliyeiumiza ni mimi, mtani, naona hicho ndicho kilima chenyewe.

Mwaisha binti Dadi
(dole gumba. Amenawa kwa sabuni, anasema unuse utakavyo)


Kata Pumzi
2 Agosti 1988

Fundi Idrisa,

Shikamoo.

Naomba unitafutie kiti cha nyuma chenye egemeo, na chuma cha mshikio wa abiria, kiwe imara. Na raba mpya za breki ya nyuma. Abiria ni mmoja tu, mwembamba, lakini hatulii, anageuka kusalimia watu njia nzima.

Naomba radhi kwa barua yangu ya mwezi wa sita.

Kijana wako,
Mwinshehe Mosi


Kata Pumzi
10 Agosti 1988

Mtani,

Najua Mwinshehe amekuandikia, na najua ameandika maneno matatu. Sasa mimi nakupa yote.

Alirudi Jumamosi na mimi nikanyamaza. Angelina ananikonyeza, nanyamaza. Jumapili asubuhi Abel huyo, mtu mzima, mpole, ana kofia nzuri. Anasema haraka ya nini, kwanza niijaribu. Akashuka nayo mpaka chini ya Kata Pumzi. Tumekaa uwanjani, tunasikiliza. Mwinshehe ameinamisha kichwa, anangoja kusikia ile buuu. Mara tunasikia paa paa paa, inapanda, inakata kona, gia ya pili! Abel akatokeza anacheka, kofia imerudi kisogoni. "Bwana Mwinshehe, uliniambia ni mgonjwa. Huyu mgonjwa gani? Naichukua sasa hivi, na juu ya bei yetu naongeza."

Hapo ndiyo nikajua nimeyatengeneza mwenyewe. Ingekuwa mbovu, angeichukua bila furaha. Sasa ni nzima anaitaka kwa moyo wote, na mwanangu neno lake ameshalitoa. Mwinshehe ananitazama. Nikasema, "Mwanangu, iliyokuwa inaumwa niliiumiza mimi, na iliyopona nimeiponya mimi na nesi." Nikamwambia yote. Upawa, kitanda, baba yake na banda la kuku, ekzosi ndani ya kanga. Nilisema mpaka Abel akakaa chini.

Unajua alijibu nini? "Kwa hiyo panya ni wewe."

Halafu akasema panda. Mbele ya mgeni. Nikapanda. Tukashuka mpaka chini, akageuza, tukaanza kupanda. Mgongo wake ulikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Ile sehemu tulipoanguka, haya, nimesema, tulianguka, mwanangu alikwambia na pua yako ilishanusa, ile sehemu alishika pumzi. Hata mimi nilishika. Vespa yenyewe haikushika. Ikapita kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake, bila hata kugeuka. Na mimi nikausikia ule mgongo unalainika, mtani, taratibu, kama udongo ukitiwa maji.

Tukafika uwanjani, hakusimama. Akampita Abel, akapita msikiti, akapita zahanati, akanizungusha mlima mzima mimi napunga mkono. Tuliporudi Abel alikuwa ameshamaliza chai ya Angelina. Akasema, "Basi, nimeona. Bibi, mimi nina mama Gairo." Neno la mwanangu akamrudishia mwenyewe, bila kinyongo. Nimempa chungu kikubwa na mkungu wa ndizi za mzuzu, akapanda lori la Amosi. Amosi kichwa kilikuwa kimepona siku hiyo, Angelina amekubali kwenda naye kanisani Jumapili. Anaandika hili mwenyewe, sijamlazimisha.

Jumapili iliyopita nilikuwa gulioni. Nimeongea mpaka sauti imekauka.

Sasa oili. Mwinshehe alitaka kutia kufuli kwenye tangi. Nikamwambia usinitie kufuli, nipe kipimo. Basi anayeweka oili sasa ni mimi, mchana kweupe, yeye akiwa anatazama. Kikombe cha kahawa cha Mosi kilikuwa na ufa, kwa hiyo nimefinyanga kingine, kiasi kile kile, tumepima kwa bomba la sindano la Angelina. Nimefinyanga viwili. Kimoja chetu, kimoja anakuletea Amosi pamoja na barua hii, ukipona ukiweke gereji uwapimie wateja wako. Hakizidi hata tone, ukikijaza kupita kinakumwagikia mkononi, nimekikata mdomo makusudi.

Leo Angelina anainua wino namwambia weka chini. Karatasi inatosha. Geuza kikombe utazame chini, nilipiga dole kabla hakijaingia motoni.